Usingoje uache pombe ndo utafute kikundi

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi jioni hapa Ngamiani, Tanga. Wengine walikuwa msibani, wengine kazini, wameomba waipate yote, basi nimeiandika kama nilivyoisema.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Shikamooni wazee wangu, kina mama habari za jioni, na nyie vijana wa bodaboda mliokaa juu ya pikipiki pale nyuma sogeeni karibu wanangu, maneno ya leo yanawahusu sana.

Wengi hapa mnanijua. Nimekuwa nesi miaka mingi, sasa nimestaafu, na kazi niliyobaki nayo ni kusindikiza watu. Mtu anataka kuacha pombe hajui aanzie wapi, namshika mkono tunaenda wote. Leo nimekuja na neno moja, nitalizungusha huku na huku lakini ni hilo hilo: usingoje uache pombe ndo utafute kikundi. Tafuta kikundi, yaani watu wanaoacha pombe wanaokaa pamoja na kusaidiana, ukitafute ungali unakunywa. Nenda na harufu yako mdomoni, nenda na madeni yako ya grosari, nenda na aibu yako, ila nenda.

Kwanini nalisema hili? Kwa sababu kila nikikaa na mtu naambiwa maneno yale yale. "Bibi nesi ngoja kwanza nipunguze, ngoja nikae sawa, nikishakaa sawa nitaenda." Sasa ukishakaa sawa unaenda kufanya nini? Nani kati yenu anaenda hospitali akishapona?

Niwaambie habari ya fundi mmoja. Mji wetu huu ni wa baiskeli, mafundi tunao kila barabara, basi huyu simtaji yuko wapi. Nilimpelekea baiskeli ya mjukuu wangu asubuhi mapema, gurudumu la nyuma linacheza. Akachuchumaa, akashika nati aitie mahala pake. Ikadondoka mchangani. Akaiokota akaipuliza, akajaribu tena, ikadondoka. Mara ya tatu akaishika kwa mikono miwili na bado vidole vinakwenda vyenyewe, jasho linamtoka kipajini na jua halijapanda. Akaniambia, "Nisubiri kidogo bibi." Akaingia nyuma ya kibanda. Aliporudi, wallahi, mikono imetulia kabisa, gurudumu lilifungwa hata chai yangu ya kwenye chupa sijaimaliza.

Nyote mnajua alienda kufanya nini. Alienda kuzimua. Na sisi mtaani tunachukulia kuzimua ni jambo la kawaida tu, mtu kalewa jana leo anazimua, tunacheka yanaisha. Jamani, yule mtu hakunywa kwa starehe asubuhi ile. Alikunywa ili aweze kufanya kazi. Mwili umeshafika mahali hauendi bila pombe, na huo ni ugonjwa, una dalili zake na una matibabu yake.

Kuna daktari wa Marekani, John Ewing, maswali yake manne yalichapishwa 1984 na mpaka leo yanatumika mahospitalini dunia nzima. Yasikilizeni, kila mtu ajijibu kimoyomoyo. La kwanza, umewahi kuona kwamba inabidi upunguze kunywa? La pili, watu wamewahi kukuudhi kwa kukusema kuhusu pombe? La tatu, umewahi kujisikia vibaya, kujiona mkosaji, kwa sababu ya unywaji wako? La nne, umewahi kunywa asubuhi ulipoamka tu, ili utulize mwili au uondoe hengova? Ukipata ndiyo mbili, hilo sio jambo la kuachia hapo, nenda ukaongee na mtu wa afya. Fundi wangu alinijibu ndiyo zote nne, afu akaniangalia akasema, "Lakini mimi sijafika kiwango cha kukaa na walevi." Miaka mingapi watu wanajifariji na maneno haya? Kiwango gani mnakingoja? Shirika la Afya Duniani limehesabu vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe kwa mwaka 2019 peke yake, na wengi katika hao bila shaka walikuwa nao wanasema hawajafika kiwango.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nataka kila mama na kila baba hapa aondoke nalo, mana linaua.

Mnakijua kipindi cha vunja jungu. Siku za mwisho kabla ya Ramadhani watu wanakunywa kama vile pombe inaisha duniani, afu mwezi ukiandama, kwisha, hagusi. Kuna kijana wa hapa hapa jirani alikuwa mnywaji wa kila siku, zamani alikuwa mtu wa viroba, zile pombe kali za vifuko, viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 akahamia gongo. Akavunja jungu lake siku tatu mfululizo, afu akafunga. Siku ya kwanza anatetemeka, nyumbani wakasema ni njaa ya mfungo. Siku ya pili hakulala, daku hakula. Siku ya tatu akaanza kuona watu ukutani, anaongea nao, anawafukuza kwa kandambili. Nyumba nzima wakasema ni majini, wakaenda kutafuta mtu wa kumsomea, na wakati wanangoja akaanguka chini, mwili unakakamaa, mate yanatoka. Hapo ndo wakakumbuka hospitali ya Bombo.

Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla, kutetemeka kunaanza ndani ya saa 6 mpaka 24 tangu glasi ya mwisho. Kuanguka kama mtu wa kifafa mara nyingi kunakuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kuweweseka, kuona visivyoonekana, homa na moyo kwenda mbio, huko kunakuja siku ya pili mpaka ya nne, na mtu anaweza kufa. Narudia, anaweza kufa. Kwa hiyo mkimfungia mtu chumbani aache pombe kwa nguvu, mkamnyima maji na dawa, mnaweza kumzika. Hospitali anapewa dawa za kutuliza jamii ya diazepam, anapewa vitamini B1, anapewa maji, anaangaliwa usiku na mchana, na zile siku mbaya zinapita. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga akalipa baadae, muulizeni sheikh wenu yeyote atawaambia. Na hapa niseme pia, wapo wanaokuja kuniuliza methadoni. Methadoni ile iliyoanza kutolewa Muhimbili 2011 ni ya watu wa heroini, pombe haitibiwi na methadoni, msihangaike na foleni isiyo yenu.

Kwa hiyo mwenye kuzimua kila asubuhi, mwenye kutetemeka, mwenye historia ya kuanguka, huyo kwanza Bombo ndo kikundi kifuate. Wengine wote, kikundi leo leo.

Yule kijana alipona. Akamaliza Ramadhani yote bila tone. Mama yake alikuwa anafurahi, anasema mwanangu kaacha. Idi pili akanywa mpaka akalala kwenye mtaro.

Nataka mfikirie na mimi hapa, msiharakishe. Mbona aliweza mwezi mzima? Pombe ilikuwepo, hela alikuwa nayo, kiu alikuwa nayo. Na sio yeye tu, tunao wangapi hapa Tanga wanaweza Ramadhani na hawawezi Shawali? Na ndugu zetu Wakristo wangapi wanaweza Kwaresima yote na Pasaka wanaanguka? Tunasema ni hofu ya Mungu, na mimi sibishi, hofu ya Mungu ipo. Lakini tazameni na hili. Ramadhani huyu mtu hayuko peke yake. Kuna saa ya kula pamoja, kuna futari anayoitwa, kuna tarawehe kila usiku bega kwa bega na watu, kila anayekutana naye amefunga kama yeye, hata kijiweni anakaa na watu walionyamaza kwa njaa kama yeye. Ikifika Idi kila mtu anarudi kwenye shughuli zake, na yeye anaachwa na kiu yake peke yake mchana kutwa. Nani wa kumwambia mimi pia leo nimeitamani? Nani atamwelewa saa moja jioni pale miguu inapojipeleka kilabuni yenyewe?

Kikundi ndo kinafanya kazi hiyo miezi kumi na moja iliyobaki. Basi. Sio uchawi, sio mahubiri.

Na nyie mnaodhani kutafuta kikundi ni mambo ya watu wa mjini wenye nafasi, niwape kisa cha watu wa kwanza kabisa. Mwaka 1935 kulikuwa na Mmarekani mmoja, Bill Wilson, mtu wa biashara za hisa New York, pombe ilikuwa imemtoa kila kitu na alikuwa ameacha miezi michache tu. Akasafiri kikazi kwenda mji wa Akron, jimbo la Ohio, dili likafa. Yuko hotelini ugenini, Jumamosi jioni, mfukoni hana kitu, na pale ukumbini kwenye baa watu wanacheka. Mnaijua saa hiyo? Badala ya kuingia baa akaenda kwenye simu, akaanza kupigia viongozi wa makanisa ambao hawajui, anaomba wamkutanishe na mlevi mwingine. Hakuomba kiongozi wa dini amuombee, hakuomba daktari, aliomba mlevi mwenzake. Kesho yake akakutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye mikono yake ilikuwa inatetemeka kama ya fundi wetu. Yule daktari alisema nakupa robo saa tu. Wakakaa masaa. Daktari alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndo inahesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa AA, Alcoholics Anonymous. Daktari Bob alifariki 1950 na Bill 1971, na tangu walipokutanishwa mpaka wanaingia kaburini Bill hakurudia, na Bob baada ya ile Juni hakurudia. Kikundi cha kwanza kilipatikana kwa mtu kupiga simu kwa watu asiowajua. Wewe una simu mkononi saa hizi.

Sasa ukifika kunakuwaje? Hapa ndo wengi mnaogopa, mnadhani mtasimamishwa mbele mkaungamishwa. Hapana. Ni viti vimepangwa duara. Mmoja anafungua, wanasoma kidogo, kuna zile hatua 12 za AA ambazo mtu anazifuata ili aache pombe, halafu mwenye kutaka kushea anashea. Anasema jina lake moja tu, hata kama sio la kweli hakuna wa kumuuliza kitambulisho. Anapoongea hakuna anayemkatiza na hakuna anayemshauri. Ukiwa huna la kusema unasema leo nasikiliza tu, inatosha. Kwa kawaida saa moja imeisha. Hawaandikishi mahudhurio, hawachukui ada, kikapu kinapita mwenye chochote anatia mgeni hadaiwi. Yanayosemwa pale yanabaki pale. Kuna mitingi za wazi, ndugu na jamaa wanaruhusiwa, na kuna zilizofungwa ambazo ni za wenye tatizo la pombe tu, ulizeni mapema ni ipi. Baada ya muda unachagua sponsa, mtu aliyetangulia kuacha, ambaye unaweza kumpigia ile saa moja jioni niliyoisema.

Na sharti la kuingia ni moja, liko kwenye taratibu zao: uwe na nia ya kuacha kunywa. Nia. Sio uwe umeacha. Sio uwe msafi. Ndo mana nasema usingoje.

Inafanya kazi? Watafiti wa Cochrane, shirika la kimataifa linalopima tafiti za tiba, mwaka 2020 walikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000 wakakuta kwamba kwenye kukaa bila pombe kabisa, watu walioelekezwa na kushikwa mkono mpaka AA walifanya vizuri kuliko waliopata tiba nyingine kama zile za ushauri wa kisaikolojia. Walioshikwa mkono, mmesikia.

Najua swali liko pale kwa wazee wa barazani. "Hayo si mambo ya kanisa?" Mzee mmoja wa heshima aliniuliza hivyo, na ni swali la haki, mana hatua zenyewe zinamtaja Mungu. Zinamtaja kwa maneno ya Mungu kama kila mmoja anavyomwelewa, hakuna anayebatizwa na hakuna anayesilimishwa. Vukeni hapo Unguja muone, watu karibu wote ni Waislamu, na hatua 12 ndo zinatumika kwenye soba hausi zao, zile nyumba za kukaa watu wanaoacha ulevi na madawa ya kulevya, adhana ikilia wanasimama wanaswali wanarudi kwenye viti vyao.

Sasa tafuteni wapi? Kwa hapa kwetu anzeni Bombo, kitengo cha afya ya akili, au kwa afisa ustawi wa jamii, waambieni waziwazi natafuta watu walioacha pombe nikakae nao. Pili soba hausi, Tanga zipo, Bagamoyo zipo, Dar zipo. Wengi mnadhani lazima ulale pale miezi, sio lazima, nendeni mkaulize kama mtu wa nje anaweza kuja kukaa kwenye mitingi na kurudi kwake. Nyingi zilianza kwa ajili ya vijana wa madawa ya kulevya kwa hiyo ulizeni kama na wa pombe wanampokea. Na kama mnataka kumlaza mtu humo ingieni ndani kwanza, ulizeni daktari ni nani, ulizeni wanalala wapi, ongeeni na waliomo bila msimamizi kusimama pembeni. Ukiona mnyororo, ukiona mtu kafungwa, mchukue mtu wako uondoke naye. Mimi hapo sina maneno mawili.

Tatu ni simu. Nina mama mmoja, ana genge lake, mama wa watu anayeheshimika, na pombe kali alikuwa anaificha ndani ya debe la unga, chupa ndogo imezamishwa kabisa mkono unaingia mpaka kiwiko. Kila usiku watoto wakilala. Huyo utampeleka wapi hapa Ngamiani, wakati kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja kila kona ana shangazi? Mwanaume akilewa tunasema mlevi basi, mwanamke akilewa tunamvua utu wote. Basi tulikaa sebuleni kwangu, mlango tumerudishia, sikio moja la iafoni lake sikio moja langu, tukaingia mitingi ya mtandaoni ya wanawake wa Nairobi, kamera imezimwa, jina kaandika la kubuni. Tangu kipindi cha korona 2020 mitingi hizi za mtandaoni ni nyingi mno, za Kiingereza hazikosekani saa yoyote ya usiku na mchana, na za wenzetu wa Kenya Kiswahili kinachanganywa humo humo. Siku hiyo akaongea mwanamke mmoja akasema yeye alikuwa anaficha kwenye pipa la nguo chafu. Mama yangu akanishika mkono akaubana mpaka ukauma. Hakusema neno usiku ule wala wiki zilizofuata, ila kila wiki alikuja na bando lake mwenyewe.

Na nyie wake na kina mama wa hawa watu, mnaolipa madeni grosari, mnaodanganya bosi kwamba anaumwa malaria, mnaolala macho mnasikiliza geti. Na nyie mna viti vyenu. Vinaitwa Al-Anon, vilianzishwa 1951 na Lois, mke wa yule yule Bill, na vipo mtandaoni pia. Usingoje mume aende ndo na wewe uende. Nenda wewe hata kama yeye anakataa.

Na msipokipata kikundi mnachokitaka? Watu wawili wenye nia ya kuacha wakikaa pamoja kwa ajili hiyo, hicho tayari ni kikundi, AA wenyewe ndivyo wanavyosema. Yule kijana wa vunja jungu alitoka kwenye mtaro Idi pili, Idi tatu yuko mlangoni kwangu na nguo zile zile. Nikampeleka kwa fundi baiskeli, ambaye wakati huo alishapita Bombo na mikono yake inashika nati bila msaada wa mtu. Sikuwaachia mwongozo, niliwaachia chupa ya chai ya rangi nikaondoka. Sasa hivi wako saba, siku ni Alhamisi baada ya isha, chumba tumeazimwa. Siku haibadiliki, saa haibadiliki, hata mvua ikinyesha, mana mtu akija siku moja akakuta mlango umefungwa harudi tena. Aliyeanguka wiki hii anakaribishwa kiti kama wengine. Anayekuja amekunywa anakaa anasikiliza, hafukuzwi, tunamuomba tu asiongee mpaka siku nyingine.

Nimemaliza ya kwangu. Maswali mtaniuliza hapa hapa, na yule asiyetaka kuuliza mbele za watu mimi nitabaki mpaka viti vyote vitolewe. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa getini Bombo, mwenye mgonjwa wa kutetemeka aje naye, aje na kadi yake ya bima kama anayo na kama hana aje hivyo hivyo, na asimkataze kunywa usiku wa Jumapili kwa nguvu, daktari ndo ataamua anapunguzaje. Na wa Alhamisi, mkitaka kujua ni chumba gani muulizeni fundi, kaniruhusu niseme yuko hapa, amesimama pale karibu na mwembe ameshika baiskeli nyekundu.